Tabibu wa Wanyama na Hukumu za Barazani

Katika miji yetu ya pwani sifa ya tabibu wa wanyama haitoki katika chuo alichosomea wala katika idhini aliyopewa na serikali. Hutoka barazani, baina ya swala ya alasiri na swala ya magharibi, vinywani mwa watu ambao mmoja wao alimpelekea paka akapona na mwingine alimpelekea mbwa akafa. Ambaye paka wake alipona husema kuwa tabibu yule ana mkono wa baraka. Ambaye mbwa wake alikufa husema kuwa yule si tabibu, ni mchinjaji aliyevaa koti jeupe. Na wasikilizaji, ambao hawakushuhudia kupona kwa huyu wala kufa kwa yule, huondoka kila mtu na hukumu aliyoipenda, na kesho yake huipeleka baraza nyingine ikiwa imekwisha kutiwa chumvi. Nimezisikia hukumu za namna hiyo Tanga, nimezisikia Mombasa, na Unguja pia nimezisikia, na kila nilipozisikiliza niliona kuwa zina kasoro moja katika msingi wake: zinampima tabibu kwa mwisho wa ugonjwa, ilhali mwisho wa magonjwa mengi ya wanyama wetu huwa umekwisha kukatwa kabla mgonjwa hajavuka kizingiti cha mlango wa tabibu. Kipimo cha haki, kwa maoni yangu, ni yale yaliyosemwa baina ya tabibu na mwenye mnyama: aliuliza nini, alijibiwa nini, alieleza nini, na kila mmoja wao alimficha mwenzake nini.

Tuanze na shutuma iliyo mashuhuri kuliko zote, nayo ni ya sindano iliyoua. Mtu hupewa mtoto wa mbwa, humweka uani, kisha husikia kwamba watoto wa mbwa wa jirani wanahara damu na kufa, hushikwa na hofu akamkimbiza wake kwa tabibu kuchanjwa. Siku ya tatu mtoto yule hukataa chakula, hutapika, huhara damu yenye harufu isiyosahaulika, na siku ya tano huzikwa nyuma ya banda la kuku. Nani atamlaumu mtu huyo akisema kuwa mbwa wake alikuwa mzima, akadungwa sindano, akafa? Lakini ugonjwa huo, ambao matabibu huuita parvo, na ambao mbwa wa dunia hawakuujua mpaka miaka ya 1970, hukaa mwilini aghalabu kwa siku tatu hadi saba bila kujionyesha, na kirusi chake huweza kudumu katika udongo wa ua kwa miezi mingi. Kwa hiyo mtoto aliyeugua siku ya tatu baada ya chanjo aliupata ugonjwa kabla ya chanjo, na dawa ile, ambayo huhitaji siku kadhaa ndipo mwili upate kinga, ilichelewa. Fauka ya hayo, tabibu mwaminifu humtaka mwenye mbwa arudi baada ya wiki tatu au nne, kisha arudi tena, mpaka mtoto afike umri wa wiki 16, kwa sababu kinga aliyoinyonya kwa mama yake huizuia chanjo isifanye kazi maadamu ingalimo mwilini, wala hakuna awezaye kujua kwa kumtazama tu ni wiki gani kinga hiyo itakapokwisha. Barazani marudio haya huitwa ujanja wa kula fedha. Na hapa lawama yangu inamgeukia tabibu, kwani maelezo niliyoyaandika sasa hivi yanaweza kusemwa kwa muda uleule wa kuijaza sindano, lakini wapo wanaochanja kimya, wakaandika tarehe ya kurudi, wakapokea fedha, wakaita mgonjwa mwingine, halafu wakastaajabu kwamba watu hawarudi.

Shutuma ya pili haina kelele nyingi, kwa kuwa paka huugua kimya, na akifa hufa bila matanga. Paka dume huonekana akichutama juu ya mchanga mara kwa mara, akijikamua na kulia. Mwenyewe hudhani amefunga choo, humnywesha mafuta ya nazi, siku ya pili humwongeza, na siku ya tatu, paka akiwa amelegea, ndipo humtia kikapuni. Kumbe iliyoziba si njia ya choo bali ni njia ya mkojo, ambayo kwa paka dume ni nyembamba mno, na tangu siku ya kwanza taka zilizopasa kutoka na mkojo zilikuwa zikirudi katika damu, na madini yaitwayo potasiamu yakipanda mpaka moyo ukaanza kupotewa na mwendo wake. Tabibu aliyeletewa paka wa namna hii asubuhi ya kwanza hupitisha mpira mwembamba, mkojo ukatoka, na jioni paka huomba dagaa. Aliyeletewa siku ya tatu hupitisha mpira uleule, kwa mkono uleule, na paka akamfia mezani. Huenda ni tabibu mmoja, katika wiki moja, naye barazani akawa ana mkono wa baraka siku ya Jumatatu na mchinjaji siku ya Alhamisi.

Nilipata kuketi katika ukumbi wa tabibu mmoja wa mjini, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya joto, nikasikia mashauri yake na bibi mmoja aliyekuja na paka aliyefunikwa kanga.

"Shikamoo, bibi. Huyu amekula nini tangu jana?"

"Marahaba, mwanangu. Hakula kitu."

"Na dawa?"

"Dawa gani, na tabibu ni wewe?"

Tabibu yule kijana alimfunua paka midomo, akautazama ufizi, ambao ulikuwa umeacha wekundu wake na kuingia rangi ya kahawia; akautazama uso, ambao ulikuwa umevimba; kisha akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, wengi wakimwona paka ana homa humpa dawa yetu ya kichwa, tena humpa kwa mapenzi. Mimi nikijua, nitajua pa kuanzia."

Bibi alinyamaza kitambo. "Nusu," akasema. "Jana usiku. Na alfajiri nusu nyingine."

Vidonge vya paracetamol ambavyo kila nyumba inavyo, vile vya miligramu 500, ni sumu kali kwa paka, kwa sababu ini lake halina uwezo lilio nao ini la mwanadamu wa kuivunja dawa hiyo na kuitoa, na matokeo yake ni kwamba damu hubadilika rangi ikashindwa kuchukua hewa, uso na miguu ikavimba. Kidonge kimoja tu chaweza kumuua. Ipo dawa ya kuipinga sumu hiyo, lakini hufaa ikitolewa mapema, na mapema hayo hutegemea tabibu aambiwe kweli. Sitasema kama paka yule aliishi au alikufa, maana hilo ndilo ninalolikataa lisiwe kipimo. Nasema tu kwamba tabibu mwingine angalifoka, "Umempa nini mnyama wa watu?" na bibi yule angalishikilia kuwa hakumpa kitu mpaka mwisho, na ukweli ungalizikwa pamoja na paka.

Kwa nini alificha? Nadhani aibu mbili zilikutana. Moja ni ile ya kila aliyekosea kwa nia njema. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni aibu ya kuonekana njiani ukimbeba paka kumpeleka hospitali katika mji ambao binadamu huambiwa dawa zimekwisha. Jirani wa kwanza atakayekutana nawe atacheka, wa pili atauliza kama paka naye ana kitanda chake wodini. Jambo hili linanishangaza kwa watu wetu, ambao hawamlei mtoto mpaka wamsimulie habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na ya yule aliyesamehewa dhambi zake kwa kumtekea mbwa maji ya kisima katika kiatu, na ambao wanajua vyema kwamba sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wengine alipata jina lake la utani, Abu Huraira, kwa sababu ya kipaka. Rehema tunaisifu katika kisa, na akipita nayo mtu barabarani, imo katika kikapu, tunamcheka.

Asili ya dharau hii ni ya kale, wala si yetu peke yetu. Elimu ya kutibu wanyama ililelewa na wenye farasi na wenye ng'ombe. Katika karne ya 14 tabibu wa farasi wa Sultani al-Nasir Muhammad huko Misri alitunga kitabu kikubwa juu ya farasi na maradhi yao. Chuo cha kwanza cha elimu hii Ulaya, kile cha Lyon katika Ufaransa, kiliasisiwa mwaka 1761 na Claude Bourgelat, bingwa wa kupanda farasi. Huku kwetu idara za mifugo zilijengwa baada ya sotoka ya miaka ya 1890 kuwafagia ng'ombe wa bara, na vituo vyake vya Mpwapwa, Tanzania, na Kabete, Kenya, vikawa majina makubwa kwa ajili ya ng'ombe. Na kazi hiyo ni ya kujivunia, kwani mwaka 2011 dunia ilitangaza kuwa sotoka imetoweka kabisa. Lakini paka hakuhesabiwa, na mbwa alihesabiwa siku ya kupigwa risasi kwa hofu ya kichaa. Mpaka leo duka la dawa za mifugo katika mji wa pwani limejaa dawa za ng'ombe, kuku na mbuzi, na mwenye paka akiingia humo hupimiwa kwa macho dawa iliyotengenezwa kwa mnyama wa kilo mia tatu ampelekee mnyama wa kilo tatu, naye akamwogeshe kwa dawa ya kupe wa ng'ombe, na usiku ule paka atetemeke mpaka afe. Muuzaji hakumwua kwa uovu. Alifanya hesabu asiyofundishwa.

Mbwa ana mashaka yake mengine, hasa katika nyumba za Waislamu wa pwani, ambao wengi hufuata madhehebu ya Imamu Shafi. Wanafuga mbwa wa kulinda shamba na ua, jambo ambalo sheria imeliruhusu, lakini hawamgusi, kwa sababu mate na majimaji yake ni najisi nzito inayotaka maosho saba, moja lake kwa udongo. Basi mwenye mbwa humleta kwa mnyororo mrefu, akasimama mlangoni, na tabibu akimwambia "Mshike kichwa," hutazama chini. Nimeona tabibu akimcheka mtu kwa hilo, na nimeona mwingine akisema, "Kaa hapo, sheikh, kijana wangu atamshika," na mambo yakaenda. Tofauti ya wawili hao si ya elimu bali ya murua. Hata hivyo mwenye mbwa naye ajue kwamba asiyempapasa mnyama wake hana habari ya kupe walioshona nyuma ya masikio, wala ya kidonda kilichojificha chini ya taya. Na kupe hao ndio waletao homa ambayo humpausha mbwa ufizi na kumdhoofisha siku kwa siku, mwenyewe akidhani ni uvivu. Kama hamgusi yeye, awepo katika nyumba au shamba mtu anayemgusa kila wiki, na huyo ndiye afuatane na mbwa kwa tabibu, kwa kuwa yeye ndiye shahidi.

Lipo swali moja ambalo mwenye mbwa akilijibu kwa uongo hamdhuru mbwa peke yake. Tabibu akimwona mbwa aliyebadilika tabia, anayedondokwa na mate, asiyeweza kumeza, huuliza, "Amemuuma nani?" Na jibu la kwanza, karibu kila mara, ni "Hakumuuma mtu." Hofu ya mwenyewe inaeleweka: anaogopa mbwa atauawa, anaogopa kudaiwa gharama za jirani, anaogopa polisi. Lakini kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba inayotegemewa. Ni kifo, na kifo cha mateso. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na asilimia 99 ya wanaoambukizwa huambukizwa na mbwa. Katika kila waumwao kumi, wanne ni watoto wasiofikia miaka 15. Baina ya jino na kifo kuna nafasi, aghalabu ya wiki au miezi kadhaa, ambamo jeraha likioshwa mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na mtoto akapata chanjo zake hospitali, maradhi hayaanzi. Nafasi hiyo ndiyo inayotupwa na mtu anayejibu "Hakumuuma mtu" huku mtoto wa jirani amefungwa kitambaa mguuni. Katika jambo hili simwonei huruma mwenye mbwa kama nilivyomwonea bibi mwenye paka, na tabibu akimkazia maswali mara kumi, hata akimwambia mbele ya watu kuwa anasema uongo, mimi namtetea.

Afadhali lakini ni kutangulia. Elimu ya maradhi haya inasema kuwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kupita. Na kila ifikapo tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Louis Pasteur, mvumbuzi wa chanjo ya maradhi haya, ambayo imefanywa kuwa siku ya dunia ya kupiga vita kichaa cha mbwa, kuna miji na vijiji vinavyochanja bure. Ukienda kutazama utaona kwamba wengi katika foleni ni watoto, wamewafunga mbwa kwa kamba za katani na mikanda ya suruali, na baba zao wamebaki nyumbani. Tabibu mwenye busara huzungumza na mtoto yule kama anavyozungumza na mwenye mali, kwa sababu yeye ndiye ajuaye mbwa anakolala.

Nimewahukumu wenye wanyama. Sasa niseme juu ya fedha, ambazo ndizo chimbuko la uhasama mwingi. Mwenye ng'ombe wa maziwa na tabibu wake wana hesabu moja: ng'ombe ni wa thamani kadha, maziwa ni lita kadha, tiba ni shilingi kadha, na wote wawili huona pale inapofaa kutibu na pale inapofaa kuuza nyama. Paka hana hesabu hiyo. Aliokotwa bure chini ya meza ya muuza samaki, hauziki, hanyonyeshi mtu, na siku akivunjika mguu, mwenyewe huambiwa gharama inayonunua mbuzi wawili. Hapo mtu hupigwa na butwaa, si kwa sababu hampendi paka, bali kwa sababu hajapata kuulizwa na mtu yeyote kuwa mapenzi yake yana kikomo cha shilingi ngapi. Kwa hiyo ni dhuluma tabibu kutibu kwanza na kutaja ujira baadaye, na huo ndio mtindo unaolalamikiwa zaidi katika mabaraza yote niliyoketi, na katika hilo mabaraza yana haki. Ataje kabla, ataje na njia ya gharama ndogo iliyopo, hata kama si ile aliyofundishwa chuoni kuwa bora, na akiona hakuna tamaa ya kupona, aseme hivyo, asiendelee kudunga sindano kwa kuwa mwenye mnyama yu tayari kulipa. Naye mwenye mnyama akumbuke kuwa chanjo anayoiita "sindano moja tu" ilisafiri katika barafu na kuhifadhiwa katika jokofu, baina ya nyuzi mbili na nane, katika mji ambao umeme hukatika bila kubisha hodi, na kwamba tabibu aliyeitupa chanjo iliyopata joto badala ya kumdunga nayo mbwa wake amemtendea wema ambao hatausikia barazani.

Sheria imekwisha kufanya sehemu yake. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Baraza la Veterinari linalosajili wataalamu hawa. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2011 na Bodi ya Veterinari. Mtu anayepita na mkoba wa dawa juu ya baiskeli, akadunga bila kupima joto wala kuuliza umri, si haramu kumwuliza kama amesajiliwa, na tabibu wa kweli haudhiki kwa swali hilo. Kadi ya chanjo nayo si karatasi ya kufungia karanga. Ndani yake huandikwa jina la dawa, tarehe, na sahihi ya aliyeitoa, na pasipo kadi malalamiko yote hubaki kuwa hadithi. Aliye na kadi, na aliyeambiwa uongo, au aliyetozwa kwa kazi isiyofanywa, alipeleke shauri lake mbele ya Baraza lile lenye mamlaka, alieleze tangu mwanzo, na kadi aiweke mezani. Ama yule ambaye mtoto wa mbwa wake alikufa siku ya tano baada ya sindano, kabla hajainuka kwenda huko au kuketi katika baraza jingine, ahesabu kwanza kwa vidole vyake mtoto yule alikuwa na wiki ngapi siku alipompeleka, na watoto wa mbwa wa jirani walianza kuhara tangu lini.